Ubuntu 20.04 kwenye seva ndogo: uapgredi hapo hapo, uhamie seva mpya, au ubaki na Pro?

Kama una kiseva chako kidogo, ile VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ya RAM 1GB unayoilipia dola tano sita kwa mwezi, na ukiingia ukapiga lsb_release -a inakujibu 20.04, basi kaa tuongee. Ubuntu 20.04, yaani toleo la mfumo unaoendesha seva yako, ilitoka Aprili 2020 na msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 31 Mei 2025. Maana yake seva inawaka, saiti inafunguka, wateja wanaingia kama kawaida, ila viraka vya usalama vya bure bila kujisajili popote haviji tena. Na kwa kuwa hakuna kinacholalamika mtu unasema ntashughulikia mwezi ujao, mwezi ujao unasema hivyo hivyo, mwaka unakatika.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuapgredi hapo hapo, yaani unapiga do-release-upgrade kwenye seva hiyo hiyo na inapanda toleo ikiwa na mizigo yake yote. Ya pili ni kufungua seva mpya yenye 24.04, unaipanga upya, unahamisha saiti na databesi, halafu unageuza domeni. Ya tatu ni kubaki na 20.04 ila unaiunganisha na Ubuntu Pro ili viraka viendelee kuja. Mimi naangalia seva tatu ndogo hapa Dar, moja ya shule ya sekondari, moja ya duka la vipuri vya pikipiki na moja ya chama cha kuweka na kukopa, zote zilikuwa 20.04, na kila moja imeishia njia yake. Sikupanga iwe hivyo, kila moja ilikuwa na sababu iliyonisukuma huko, na nadhani hizo sababu ndo zitakusaidia kuchagua kuliko mimi kukwambia tu hii nzuri hii mbaya.

Wengi wanachagua kwa kuuliza ipi inaisha haraka. Mi nakuomba uulize kwanza hivi: nikikuta kimeharibika, narudije nilikotoka? Maana kuharibika kwenyewe mara nyingi hakuonekani usiku ule ule. Chukulia umeapgredi Jumamosi saa nane usiku, ukatesti ukurasa wa mbele, ukaona safi, ukalala. Jumatatu saa nne asubuhi mhasibu anajaribu kutoa ripoti, inagoma. Sasa kama njia yako ya kurudi ni snapshoti ya Jumamosi, yaani nakala ya seva nzima ilivyokuwa saa ile, ukiirudisha umefuta kila kilichoingia Jumapili nzima na Jumatatu asubuhi, malipo, oda, wateja wapya, vyote. Hapo ndo unajua kwamba snapshoti ni nzuri kwa saa moja ya kwanza tu, baada ya hapo kila dakika inayopita inakuwa ghali zaidi kuitumia.

Ukiwa umehamia seva mpya, ile ya zamani bado ipo hai pembeni na kila kitu chake. Kweli nayo data mpya imeshaanza kuingia kwenye seva mpya, lakini 20.04 na 24.04 zote zinakuja na MySQL 8.0, kwa hiyo unaweza ukapiga mysqldump (komandi ya kutoa nakala ya databesi) kwenye mpya ukairudisha kwenye ya zamani, domeni ukaigeuza, ukaendelea na kazi bila kupoteza oda hata moja. Hiki kitu kimoja tu ndo kimenifanya nikiwa na uhuru wa kuchagua nahamia. Ila uhuru huo haupo kila siku, na ndo maana nianze na ile ambayo sikuwa na uhuru.

KUAPGREDI HAPO HAPO

Seva ya chama ilienda njia hii kwa sababu ya IP. Malipo ya wanachama yanaingia kwa simu, na kampuni inayopitisha malipo inaruhusu mawasiliano kutoka IP moja tu iliyosajiliwa, kuibadilisha kulihitaji barua ya chama yenye muhuri na kusubiri, na wakati unasubiri marejesho ya mikopo yanaingia gizani. Ukiapgredi hapo hapo IP ni ile ile, jina la seva ni lile lile, funguo za ssh (njia ya kuingilia seva ukiwa mbali) ni zile zile, hakuna mtu wa nje anayetakiwa kujua kwamba kuna kitu kimebadilika. Hii faida ni kubwa kuliko watu wanavyoichukulia. (Kabla hujaamua lakini, angalia kama kampuni ya seva yako inatoa IP inayoweza kuhamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine. Zipo nyingi zinazotoa, na kama uliichukua tangu mwanzo basi hili tatizo huna.)

Kitu cha kwanza ujue ni kwamba huruki. Kutoka 20.04 unaenda 22.04, unatulia, unatesti, ndo unaenda 24.04. Ni apgredi mbili, na kila moja inakuja na maswali yake na PHP yake: 20.04 ina 7.4, 22.04 ina 8.1, 24.04 ina 8.3. Unaweza kuamua kusimama 22.04 kwa muda, ina msaada mpaka 2027, lakini PHP 8.1 wenyewe walioiandika walishaacha kuiangalia mwisho wa 2025, kwa hiyo mi naona ukishafungua mlango malizia safari.

Kabla ya kuanza piga apt update na apt upgrade mpaka iseme hakuna kilichobaki, riboti, halafu angalia df -h. Nafasi ya diski ni kitu kinachowaumiza wenye seva ndogo, apgredi inashusha vifurushi mia kadhaa na inahitaji giga kadhaa za kufanyia kazi, na seva ya 25GB iliyojaa bakapu za zamani na logi za miaka minne haina hizo giga. Safisha kwanza.

Halafu kuna hili la intaneti yetu. Wanaokumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na nchi nzima ikawa inatambaa, wanajua kwamba unaweza kuwa katikati ya kazi na terminali ikaganda tu. Na hata bila nyaya za baharini, umeme unakatika, rauta inazima, bando linaisha. Habari njema ni kwamba do-release-upgrade yenyewe inajiendesha ndani ya screen, programu inayobaki hai kwenye seva hata wewe ukitoka, kwa hiyo laini ikikatika kazi inaendelea kule, unaingia tena unapiga sudo screen -dr unaikuta ilipofika. Pia inafungua ssh ya akiba kwenye poti 1022, ila fayawoli yako haiijui hiyo poti, kwa hiyo piga ufw allow 1022/tcp kabla na uifunge ukimaliza. Na hakikisha unajua kufungua ile konsoli ya kwenye tovuti ya kampuni ya seva, ile inayokuonyesha seva kama umekaa mbele yake, na unajua nywila ya root ya kuingilia hapo. Ssh ikigoma baada ya kuriboti huna mlango mwingine.

Itakuuliza maswali kuhusu faili za mipangilio, kwamba faili hii umeibadilisha wewe, na kifurushi kipya kina yake, unataka ipi. Watu wanabonyeza tu enta enta. Usifanye hivyo, bonyeza D ikuonyeshe tofauti, na kwa sshd_config kama umeweka mambo yako (poti tofauti, kuzuia root) baki na yako. Pia itazima vyanzo vyote vya nje ulivyoongeza, zile PPA, kwa hiyo kama PHP yako ilitoka PPA na sio ya Ubuntu yenyewe ujue baada ya apgredi utarudi kuiwasha mwenyewe kwa toleo jipya.

Sasa vitu ambavyo vitakukuta asubuhi, na hivi ndo vinavyokula muda kuliko apgredi yenyewe. Kama una Nginx, ukurasa utakupa kosa la 502 kwa sababu mipangilio bado inatafuta /run/php/php7.4-fpm.sock na hiyo haipo tena, unabadilisha iwe 8.1, na hatua ya pili unabadilisha tena iwe 8.3. Kama una Apache na ulikubali ifute vifurushi vya zamani inaweza isiwake kabisa, inatafuta moduli ya 7.4, dawa yake ni a2dismod php7.4 kisha a2enmod php8.1. Halafu php.ini yako haihami. Iko kwenye folda ya 7.4, na PHP mpya imekuja na folda yake mpya yenye mipangilio ya kiwandani, kwa hiyo kama uliruhusu kupandisha faili za 20MB sasa imerudi 2MB, na hutaliona hili mpaka mtu apandishe PDF ya muhtasari wa kikao akataliwe. Vile vile zile nyongeza ulizosakinisha kwa jina lenye namba, php7.4-gd, php7.4-mbstring na wenzake, hazijiongezi zenyewe kwa toleo jipya. Kabla ya kuanza piga php -m uhifadhi orodha kwenye faili, ukimaliza piga tena ulinganishe. Wenye Django au Flask nao wajiandae, Python inatoka 3.8 inaenda 3.10 halafu 3.12, na venv zako zote (mazingira ya Python ya kila mradi) unazijenga upya.

Kwa chama nilitumia usiku wa Ijumaa mbili, wiki moja 22.04, wiki iliyofuata 24.04, na kila mara saiti ilikuwa chini kama saa moja na nusu. Kilichonipa moyo wa kufanya hivyo ni kwamba nilikuwa nimeshafanya mazoezi.

MAZOEZI KWENYE NAKALA

Hili naliandika peke yake kwa sababu ndo ushauri ninaoujali kuliko mwingine wowote humu. Usiapgredi seva ya kazi kabla hujaiapgredi nakala yake. Unapiga snapshoti, unafungua seva nyingine kutoka kwenye snapshoti hiyo, unaiapgredi hiyo mpaka mwisho, unaandika kila kilichogoma na ulivyokitibu, halafu unaifuta. Kampuni nyingi zinatoza kwa saa kwa hiyo mazoezi ya siku nzima hayafiki hata nusu dola.

Lakini nakala ni seva kamili, sio picha. Nilipofanya mazoezi ya seva ya shule niliiwasha nakala nikaenda kula, nikasahau kwamba ndani yake kuna cron zote, yaani kazi zinazojiendesha kwa ratiba, za seva ya kweli. Ilipofika saa kumi na mbili jioni ikatuma SMS za kukumbusha ada, zile zile ambazo seva ya kweli ilikuwa inatuma dakika hiyo hiyo. Wazazi zaidi ya 300 wakapata ujumbe mara mbili, wapo waliodhani wanadaiwa mara mbili, na mhasibu wa shule akashinda kwenye simu kesho yake anaomba radhi kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Niliumia sana kwa ajili ya yule mama. Siku hizi kabla ya kuwasha nakala naipangia fayawoli ya nje, ile ya kwenye dashibodi ya kampuni ya seva, inayozuia kila kitu isipokuwa ssh yangu. Nikishaingia nazima cron kwa systemctl disable --now cron, nafuta funguo za SMS na za malipo kwenye faili la mipangilio, ndo naruhusu itoke kwenda kuchukua vifurushi.

KUHAMIA SEVA MPYA

Duka la vipuri lilienda hivi. WordPress moja, databesi moja, hakuna IP iliyosajiliwa popote. Na seva yenyewe ilikuwa imepita mikono mitatu kabla yangu, kila aliyepita kaacha vyake, kulikuwa na FTP haitumiki, kuna phpMyAdmin ya zamani iko wazi kwa dunia nzima, kuna watumiaji wawili ambao hakuna aliyejua ni kina nani. Ukiapgredi seva kama hiyo unapandisha na uchafu wote. Ukihamia unabeba kile tu unachokijua, na kile usichokijua kinabaki kule kinasubiri uamue.

Kazi yenyewe ni ndefu zaidi ila haina haraka, na hiyo kwa mtu mwenye kazi nyingine mchana ni raha. Nilitumia jioni nne. Jioni ya kwanza nilifungua 24.04, Nginx, php8.3-fpm, MySQL, nikaongeza swap ya 1GB (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) kwa sababu seva hizi nyingi zinakuja bila swap na MySQL 8 kwenye RAM 1GB bila swap inauliwa na kerneli siku watu wakijaa. Jioni ya pili nikabeba faili kwa rsync -a na databesi kwa mysqldump --single-transaction, kumbuka ukibeba databesi moja watumiaji wa MySQL hawaji nayo, unawaunda upya. Jioni ya tatu nikatesti, na hapa ndo kuna uzuri ambao njia ya kwanza haina: kwenye laptopu yako unaingia kwenye faili la hosts unaandika IP ya seva mpya mbele ya jina la domeni, na kuanzia hapo laptopu yako peke yake inaona saiti mpya wakati wateja wote bado wanatumia ya zamani. Nilimfanyia hivyo na mwenye duka, akakaa na saiti mpya siku mbili, akaagiza, akafuta, akapandisha picha za vioo na cheni, akanipigia kuniambia fomu ya mawasiliano haitumi. Tukairekebisha bila mteja hata mmoja kujua.

Siku ya kugeuza, jana yake shusha TTL ya domeni (muda ambao mitandao inakumbuka anwani yako) iwe 300, yaani dakika tano. Ukifika muda weka saiti kwenye matengenezo, chukua databesi ya mwisho, rsync ya mwisho, geuza rikodi ya A, ile inayoelekeza domeni kwenye IP ya seva. Na ya AAAA, ile ya IPv6, kama ipo! Watu wanageuza A wanasahau AAAA, halafu nusu ya wateja wenye simu zinazotumia IPv6 wanaendelea kwenda seva ya zamani na unashangaa oda ziko huku na huku. Kuna mitandao pia inakaa na anwani ya zamani zaidi ya dakika tano ulizoiambia, kwa hao mi naweka Nginx ya seva ya zamani iwe proksi inayowapeleka kwenye seva mpya, wanafika tu hata kama wamepita mlango wa zamani. Saiti ilikuwa chini dakika kumi na mbili.

Vyeti vya https vya Let's Encrypt beba folda nzima ya /etc/letsencrypt kwa rsync -a ili zile linki za ndani zisivunjike, sakinisha certbot inayovihuisha, halafu domeni ikishageuka piga certbot renew --dry-run. Usiruke hii, vyeti ni vya siku 90 na tangu Juni 2025 Let's Encrypt hawatumi tena barua pepe ya kukumbusha, kwa hiyo kama kuhuisha kumekufa utaambiwa na mteja.

Sasa ubaya wa kuhamia. Barua pepe kwanza. Kama seva yako inatuma barua yenyewe moja kwa moja, IP mpya haijulikani na mtu, SPF yako (rikodi ya domeni inayotaja IP zinazoruhusiwa kutuma barua zako) bado inataja IP ya zamani, na kampuni nyingi za seva zinafunga poti 25 kwa akaunti mpya. Oda zinaingia ila mteja hapati uthibitisho. Kama unatuma kupitia huduma ya nje ya barua huna shida hii. Pili ni saa. Seva ya zamani kuna mtu aliiweka Africa/Dar_es_Salaam miaka hiyo na hukumbuki, seva mpya imekuja na UTC, tuko mbele yake saa tatu, kwa hiyo cron ya saa kumi na mbili jioni inaanza kupiga saa tatu usiku. Ni komandi moja tu, timedatectl set-timezone, ila usipoijua inakusumbua wiki nzima. Tatu ni vile vitu vilivyojificha: cron za watumiaji wengine (kila mtumiaji ana zake, angalia /var/spool/cron/crontabs), bakapu zilizokuwa zinajituma mahali, skripti iliyokaa /root ambayo hakuna aliyeiandika popote. Na kama unabadilisha poti ya ssh kwenye 24.04, kubadilisha sshd_config na kuanzisha upya ssh peke yake hakutoshi, ssh.socket ndo inayosikiliza, kwa hiyo systemctl daemon-reload halafu systemctl restart ssh.socket.

KUBAKI NA PRO

Shule ilienda hivi na sikupenda, ila ndo ilikuwa sahihi. Mfumo wao wa ada uliandikwa 2016 na kijana ambaye ameshahama, na kwenye mazoezi (yale yale ya SMS) nilipofika PHP 8.1 ukafa kabisa. Umejaa each() na create_function(), ambazo 7.4 ilikuwa inazinung'unikia tu ila 8.0 imeziondoa. Hizo unazirekebisha, zinapiga kelele, unaziona. Zinazonitisha ni zile zisizopiga kelele: kwenye PHP 7 maandishi yasiyo na herufi hata moja yakilinganishwa na sifuri kwa == yalikuwa sawa, kwenye PHP 8 sio sawa. Sasa fikiria mfumo wa ada una sehemu inayosema kama salio == 0 basi mwanafunzi amemaliza kulipa, na salio la wengine kwenye databesi limeachwa wazi. Hakuna kosa litakalotokea, majibu tu yanabadilika kimya kimya. Mfumo wa pesa za watu sikuwa tayari kuupandisha namna hiyo katikati ya muhula.

Ubuntu Pro inarefusha viraka vya 20.04 mpaka 2030, na ni bure kwa mashine mpaka tano kwa matumizi binafsi na biashara ndogo. Unafungua akaunti, unapata tokeni, unapiga sudo pro attach na tokeni yako, dakika tano umemaliza, hakuna kuriboti kwa kushtukiza, hakuna kilichobadilika. PHP 7.4 yenyewe waandishi wake waliiacha tarehe 28 Novemba 2022 ila Canonical, wenye Ubuntu, wanaendelea kuiwekea viraka vya usalama kwenye 20.04.

Kuna kitu wengi wanadhani, kwamba toleo jipya ndo salama na la zamani ndo hatari. Tarehe 1 Julai 2024 lilitangazwa tundu kubwa la OpenSSH, lile walioliita regreSSHion, na lilikuwa kwenye 22.04 na 24.04, wakati 20.04 haikuguswa kwa sababu OpenSSH yake ilikuwa ya zamani kuliko kosa lenyewe. Viraka vilitoka siku hiyo hiyo. Kinachokulinda ni viraka kukufikia, na Pro inavifikisha.

Ila ujue mipaka yake. Pro haiangalii WordPress uliyoishusha kwa zip ukaiweka /var/www, wala plagini zake, wala chochote ulichochukua PPA. Na plagini zinaendelea kusogea, siku inakuja unabonyeza apdeti inakwambia inataka PHP mpya zaidi, ukibaki na plagini ya zamani tundu linabaki hapo ambapo Pro haifiki. Kwa duka la WordPress nisingeichukua hii hata kidogo. Kwa mfumo wa shule uliojiandikia wenyewe, unaotumiwa na wafanyakazi wanne ndani ya ofisi, inanipa muda wa kurekebisha koodi taratibu mpaka likizo ndefu. Mkuu wa shule nimemwambia kwa maandishi kwamba huu ni muda tumepewa, na tumeweka kabisa mwezi wa kumaliza.

SASA WEWE

Ukiziweka pembeni kwa pembeni kwa pesa, Pro ni sifuri, apgredi ya hapo hapo ni bei ya snapshoti na nakala ya siku moja, kuhamia ni kulipia seva mbili kwa wiki mbili hivi, kwa seva ya dola 6 ni kama dola 3. Pesa isikuamulie hapa, tofauti yote ni kama bei ya chipsi kuku. Kwa muda wako, Pro dakika tano, apgredi usiku mbili zenye presha pamoja na siku ya mazoezi, kuhamia jioni nne tano bila presha. Kwa muda wa saiti kuwa chini, kuhamia kunashinda apgredi kwa mbali.

Kama ni WordPress ya kawaida au saiti ambayo hujui vizuri nani aliipanga, hamia. Kama IP yako imeandikwa kwenye mifumo ya watu wengine na huwezi kuihamisha, au seva uliipanga mwenyewe na unaijua kila kona, apgredi hapo hapo, baada ya mazoezi. Kama koodi yako haiwezi kupanda PHP 8 leo, chukua Pro leo hii hii, usisubiri, halafu anza kurekebisha koodi. Tena hata kama umeshaamua kuhamia ila mpaka mwezi ujao, unganisha Pro leo kwa huo mwezi mmoja, haina gharama. Na kama una paneli ya kusimamia seva iliyosakinishwa juu yake, fuata utaratibu wa wenye paneli, usipige do-release-upgrade kwa mkono wako, paneli zina vitu vyao vingi ndani ambavyo apgredi ya kawaida haivijui.

La mwisho ni kwa wanaohamia, kuhusu lini ufute seva ya zamani. Usifute wiki ya kwanza. Subiri mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna ripoti na cron zinazoamka mara moja tu kwa mwezi, na usipoziona zikifanya kazi kwenye seva mpya hujui kama ulizibeba. Kwenye lile duka ilikuwa hivyo hivyo, tarehe 1 mwenye duka akauliza mbona ripoti ya stoo haijaja, nikaingia seva ya zamani nikaikuta skripti yake imekaa /root/stoo.sh, nikaibeba, ikatoka mchana ule. Na kumbuka kuizima tu seva hakusimamishi bili, kampuni nyingi zinaendelea kukutoza hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukishajiridhisha piga snapshoti ya mwisho, shusha na databesi yake kwenye kompyuta yako, ndo uifute kabisa.